Ekzosi ya gari kuukuu la dizeli: Usichague kwa bei pekee

GARI kuukuu la dizeli lina namna yake ya kuomba msaada. Huanza kwa kunguruma kidogo asubuhi linapowashwa. Baada ya wiki mbili tatu mngurumo hugeuka kishindo, mbwa wa jirani hubweka na mtoto mchanga wa nyumba ya pili hushtuka usingizini. Mwenye gari akiinama kuchungulia, hukuta bomba la moshi limetoboka au sailensa inaning'inia kwa waya.

Wengi wetu humkimbilia fundi aliye karibu. "Mzee, hii ni kazi ya saa moja tu," fundi husema, na kabla chai haijapoa bomba jipya huwa limekwisha kuchomelewa. Gari hunyamaza, fundi hulipwa na kila mtu hushika njia yake. Miezi minane baadaye kishindo hurudi, na pesa zilizotengewa sare ya shule hutoka tena mfukoni.

Ekzosi si kifaa cha kumletea mtu fahari. Hakuna anayewaita wageni nje waje kuitazama. Lakini kwa familia inayotegemea pikapu ya miaka ya tisini kupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika, mboga sokoni na watoto shuleni, uamuzi wa kununua ekzosi hugusa mambo matatu kwa pamoja: mfuko, nguvu za gari na mapafu ya wanaobebwa.

Magari ya aina hiyo bado tunayo. Ziko Toyota Hilux za injini ya 2L na 3L, Nissan za injini ya TD27, pikapu za Isuzu, Mercedes-Benz 240D ambazo wenyewe hawataki kuziachilia, na hata Peugeot 504, jina lililopendwa sana humu nchini baada ya kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Injini za magari haya zikitunzwa hudumu miaka mingi. Ekzosi haidumu hivyo, na mwenye gari hana budi kuibadilisha mara kadhaa kabla ya kuagana na gari lenyewe.

Kabla ya kuuliza bei, basi, yafaa mtu ajiulize maswali mawili. Gari hili nitakuwa nalo kwa miaka mingapi? Na ni nani huketi nyuma?

Kazi ya ekzosi

Moshi hutoka katika injini kupitia manifoldi, yaani lile pande la chuma cha kusubu lililofungwa ubavuni mwa injini. Kutoka hapo huingia katika bomba la mbele, ukapita kwenye sailensa moja au mbili, kisha ukatokea kwenye bomba la mkia nyuma ya gari.

Watu hudhani kazi ya mpango huo wote ni kupunguza kelele. Hiyo ni mojawapo tu. Ekzosi pia huutoa moshi mbali na chumba cha abiria, huweka joto kali mbali na tangi la mafuta, mipira ya breki na nyaya za umeme, na huuruhusu moshi utoke bila kubanwa.

Hili la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Injini haiwezi kuvuta hewa safi ikiwa ile chafu haijapata pa kutokea. Bomba likiwa jembamba kupita kiasi, au likiwa limebonyea, gari huchoka mlimani, injini hupata joto na dizeli huisha upesi. Mwenye gari humlaumu fundi wa pampu ilhali tatizo liko chini ya miguu yake.

Kwa nini huoza?

Adui wa kwanza wa ekzosi ni maji, na maji hayo hayatoki kwenye mvua pekee. Dizeli inapoungua, haidrojeni iliyomo huungana na hewa ya oksijeni na kufanya mvuke. Kwa hesabu ya karibu, lita moja ya dizeli ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja. Gari likienda safari ndefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Likienda dukani na kurudi, bomba halipati joto la kutosha, mvuke hugeuka matone na kulala ndani ya sailensa.

Injini ya dizeli huzidisha tatizo hili kwa kuwa moshi wake huwa si moto sana gari linaponguruma mahali pamoja. Mtu anayeliwasha gari kila asubuhi na kuliacha nusu saa "lipate joto" huwa anaimwagia sailensa yake maji.

Adui wa pili ni salfa iliyomo katika dizeli. Salfa ikichanganyika na maji hayo huwa asidi, na asidi hula chuma kuanzia ndani kwenda nje. Ndiyo sababu bomba linaweza kuonekana zima kwa macho, lakini ukilibonyeza kwa bisibisi linaingia kama muhogo uliooza. Mnamo Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Hatua hiyo imepunguza asidi, ingawa haikuondoa maji.

Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana adui wa tatu, yaani chumvi ya bahari, ambayo hula bomba kutoka nje. Bara kuna mawe ya barabara za murami na matuta, ambayo hugonga sailensa iliyofungwa chini mno hadi viungo vikaachana.

Hakikisha ni ekzosi kweli

Si kila mngurumo unaotaka ekzosi mpya. Mara nyingine kilichokufa ni gasketi iliyo kati ya manifoldi na bomba la mbele, kitu cha bei ndogo kabisa. Mara nyingine ni mpira wa kushikilia bomba uliokatika, bomba likawa linagonga chasisi kila gari linaporuka shimo.

Ukaguzi ufanywe injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare na limeshikiliwa kwa stendi za chuma au likiwa juu ya shimo la gereji. Kamwe usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Pitisha mkono na tochi kutoka mbele hadi nyuma. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye viungo, maana mahali moshi unapovuja hupaka rangi. Gonga sailensa kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe tupu lililojaa vipande vya bati, matumbo yake yameshaachana, na vipande hivyo vinaweza kuziba njia ya moshi.

Tazama pia rangi ya moshi, kwa sababu ekzosi mpya haitibu ugonjwa wa injini. Moshi mweusi wakati wote aghalabu humaanisha hewa haitoshi au dizeli imezidi: kichujio cha hewa kimeziba, nozeli zimechoka au pampu imeregezwa. Ni kweli kwamba bomba lililoziba linaweza pia kuleta moshi mweusi, lakini anza na kichujio cha hewa kwa kuwa ndicho rahisi kukagua. Moshi wa buluu ni wa oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto waweza kuwa ni dizeli isiyoungua vizuri au maji yanayoingia ndani ya silinda. Mwenye dalili hizi na aanze kwa fundi wa injini. Kutumia akiba yote kununua bomba jipya na kulifunga kwenye injini inayokufa ni sawa na kumnunulia mgonjwa viatu.

Njia nne za kununua

Ukishathibitisha kuwa ekzosi ndiyo imekwisha, una njia nne.

Ya kwanza ni kununua ile halisi ya kampuni iliyotengeneza gari. Hukaa sawasawa na kufungwa bila kukata wala kuchomelea. Kasoro yake ni bei, na kwa magari ya zamani sana huenda isipatikane kabisa.

Ya pili ni ile mpya iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa kuiga umbo la ile halisi. Maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga na ya Industrial Area jijini Nairobi huuza za aina hii kwa magari yaliyo mengi barabarani. Ubora hutofautiana sana. Iinue mkononi, kisha uilinganishe na nyingine ya gari lilo hilo. Iliyo nyepesi mno imetengenezwa kwa bati jembamba. Chungulia viungo uone kama vimechomelewa mzunguko mzima au vimepigwa nukta tatu nne tu.

Ya tatu ni ile iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Bei yake huvutia, lakini kumbuka kwamba ekzosi huoza kutoka ndani. Ikiwa ni ya stenlesi na haina shimo, yaweza kuwa bahati njema. Ikiwa ni ya chuma cha kawaida, huenda unanunua kutu ya mtu mwingine.

Ya nne ni kutengenezewa na fundi wa jua kali. Kwa gari kuukuu la dizeli, hii yaweza kuwa njia bora kuliko zote, maadam fundi ni stadi na mwenye gari anajua la kudai. Magari mengi ya dizeli ya zamani hayana vifaa vya umeme kwenye ekzosi. Ni bomba, sailensa na mipira, basi. Fundi mwenye macho anaweza kutengeneza kitu kitakachodumu kuliko kile cha dukani.

Kuna pia kiraka. Kiraka si dhambi, lakini chuma kilichozunguka shimo huwa kimekwisha pia. Kinafaa cha kukufikisha mwisho wa mwezi. Ukiona fundi anachomelea kiraka juu ya kiraka, jua umefika wakati wa kubadilisha.

Mambo ya kudai kwa fundi

Jambo la kwanza ni kipenyo. Bomba jipya liwe na upana ule ule wa bomba la awali. Fundi asipime kwenye sehemu iliyooza na kuvimba, bali kwenye flanji ya mbele au sehemu ambayo bado ni nzima. Kupunguza kidogo huonekana si neno, lakini hesabu yasema vingine. Ukitoka bomba la inchi 2 ukaweka la inchi 1½, umepunguza njia ya moshi kwa zaidi ya asilimia 40.

Je, kuongeza upana kunasaidia? Kwa injini yenye tabo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, bomba pana kidogo baada ya tabo hupunguza mzigo. Kwa injini isiyo na tabo, kama zilivyo nyingi za pikapu za zamani, faida ni ndogo na kelele huzidi. Baki na kipimo cha kiwanda.

Jambo la pili ni unene na aina ya chuma. Mafundi huhesabu unene kwa geji, na geji ikipanda unene hushuka. Geji 16 ni takriban milimita 1.5 na geji 18 ni takriban milimita 1.2. Kwa pikapu ya kazi, hususan ya barabara mbovu, dai geji 16.

Chuma cha kawaida ndicho rahisi na ndicho huoza upesi. Chuma kilichopakwa aluminiamu hustahimili kutu kwa muda mrefu zaidi. Stenlesi hudumu kuliko vyote, nayo ina madaraja. Ile iitwayo 304 hupambana na kutu vizuri, na kwa kawaida haishikwi na sumaku. Ile iitwayo 409 hushikwa na sumaku na hupata kutu ya juu juu, ila bado hukishinda chuma cha kawaida. Kwa hivyo, muuzaji akikuonyesha kwamba sumaku inashika, usimwite mwongo papo hapo. Muulize daraja. Na ikiwa stenlesi itaunganishwa na chuma cha kawaida, fundi atumie vijiti vya kuchomelea vinavyofaa stenlesi, la sivyo maungio yatapasuka kabla ya bomba.

Lipo bomba moja la kukataa katakata, nalo ni lile la maji lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na maumivu ya kifua. Fundi anayekuambia kuwa "ni bomba tu" hujidhuru mwenyewe kwanza.

Jambo la tatu ni kona. Bomba likikunjwa vibaya hubonyea kama mrija wa soda. Mafundi stadi hulijaza mchanga mkavu kabla ya kulipasha moto na kulikunja, hutumia mashine ya kukunjia, ama hukata vipande vya pembe na kuvichomelea. Pitisha kiganja kwenye kila kona. Ukihisi bonde, mwambie arudie.

Jambo la nne ni sailensa yenyewe. Zipo za vyumba, ambamo moshi huzungushwa kabla ya kutoka, na zipo za bomba moja lenye matundu lililozungushiwa sufi ya glasi. Hizi za pili huruhusu moshi upite upesi, lakini masizi ya dizeli huishambulia ile sufi, na baada ya muda kelele hurudi. Kwa gari la familia la dizeli lisilo na tabo, sailensa ya vyumba inayofanana na ile ya awali ndiyo chaguo la busara.

Huenda ukaona kitundu kidogo kwenye upande wa chini wa sailensa mpya. Hicho si kasoro ya kiwanda. Kimewekwa makusudi ili maji yatoke. Mafundi wengi, kwa nia njema, hukiziba, na kwa kufanya hivyo hufupisha maisha ya sailensa.

Usimruhusu aondoe mipira

Injini ya dizeli hutikisika kuliko ya petroli. Inapotikisika, bomba nalo hutaka kucheza. Ndiyo sababu kiwanda kiliweka mipira ya kulining'iniza na, katika magari mengine, kipande cha bomba kinachopindika karibu na injini.

Fundi mwenye haraka huona mipira imekatika, akaamua kulichomelea bomba moja kwa moja kwenye chasisi kwa nondo. Siku hiyo hutasikia lolote baya. Baada ya miezi michache bomba litapasuka karibu na manifoldi, au manifoldi yenyewe ipate ufa, na huo ni mzigo mkubwa kuliko bei ya mipira kumi. Dai mipira mipya, na udai bomba lipite juu kiasi cha kuyavuka matuta, bila kugusa chasisi, tangi wala mipira ya breki.

Kwa magari yaliyotengenezwa karibuni zaidi mambo ni tofauti. Peugeot ilianza kuuza gari la dizeli lenye kichujio cha masizi mwaka 2000, modeli ya 607, na watengenezaji wengine wakafuata. Gari lako likiwa na kichujio hicho, au na kifaa cha kusafisha gesi, usikubali kikatwe na kutupwa kwa sababu tu fundi hakijui. Mpelekee anayekijua.

Moshi na watoto

Hapa ndipo bei hupoteza maana. Mwandishi huyu anakumbuka safari moja ya kwenda arusini Nyeri katika gari la dizeli la jamaa mmoja, mizigo ikiwa imejaa hadi mlango wa nyuma ukafungwa nusu kwa kamba. Watoto walioketi nyuma walianza kulalamika kuumwa na kichwa, kisha wawili wakatapika. Shangazi alilaumu kona za barabara, mwingine akalaumu mandazi ya asubuhi. Gari liliposimama ndipo mtu alipoinama na kuona kwamba bomba la mkia lilikuwa limekatwa fupi na kuishia chini ya kiti cha nyuma. Moshi wote ulikuwa ukipanda na kuingia kupitia ule mlango ulioachwa wazi. Watoto walihamishiwa mbele, mlango ukafungwa kabisa, madirisha ya mbele yakafunguliwa, na rangi ikaanza kuwarudia usoni.

Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kurudi ndani ikipata nafasi. Kwa hivyo bomba la mkia sharti lipite mwisho wa bodi na kutokea nje kabisa, hasa kwa pikapu zenye turubai au kibanda ambamo watu huketi, na kwa magari yenye mlango mpana wa nyuma. Kumwambia fundi akate bomba karibu na gurudumu ili kuokoa futi mbili za chuma ni akiba ya hatari.

Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli. Lakini kidogo si kusema hakuna, na moshi wa dizeli una masizi membamba yanayoingia ndani kabisa ya mapafu. Mnamo Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwenye mtoto wa pumu hahitaji kungoja miaka kuona athari. Ataiona jioni hiyo hiyo.

Isitoshe, kuna sheria. Kanuni za trafiki zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi. Kanuni za kudhibiti kelele na zile za ubora wa hewa, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, pia zinamhusu mwenye gari linalopiga kelele au kutapika moshi.

Hesabu ya mwaka

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ekzosi ya bati jembamba ni Sh8,000 na itadumu mwaka mmoja na nusu, na ile nzito iliyotengenezwa vizuri ni Sh20,000 na itadumu miaka sita. Ukigawa, ya kwanza inakugharimu zaidi ya Sh5,300 kwa mwaka na ya pili Sh3,300 hivi. Anayepanga kukaa na pikapu yake hadi kitinda mimba amalize shule atapata nafuu kwa kununua ile ya Sh20,000.

Lakini anayejua atauza gari kabla ya mwaka kwisha, au ambaye chasisi yake imeliwa na kutu kiasi kwamba ekzosi mpya itaishi kuliko gari, hana sababu ya kununua stenlesi. Na anunue ya bei nafuu, mradi haivuji na inatokea nyuma ya bodi. Mambo hayo mawili hayana bei ya kupunguzwa, hata kwa gari la kuuzwa kesho.

Yupo pia yule ambaye hana Sh20,000 leo. Huyo aweza kugawa kazi. Abadilishe sehemu iliyooza kwa chuma kizuri sasa, na ile iliyobaki nzima aiache ifungwe kwa flanji na bolti ili ibadilishwe baadaye bila kukata. Mwambie fundi mapema kuwa ndivyo unavyotaka, maana wengi huchomelea kila kitu pamoja.

Siku ya kufunga

Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, waya za betri zitolewe ili umeme usiharibu alteneta. Mabomba ya dizeli na tangi yakingwe na cheche, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Ni vyema zaidi bomba lichomelewe nje ya gari na kufungwa likiwa tayari.

Usilipe salio kabla ya kuliwasha gari. Injini ikiwa baridi bado, mwombe fundi azibe mdomo wa bomba la mkia kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku wewe ukisikiliza. Kila mahali panapovuja patatoa sauti ya kuzomea, na hapo ndipo pa kurudiwa. Kisha liendeshe gari, panda nalo mlima unaoujua, vuka tuta, usikilize kama kuna kinachogonga. Uliza pia kama lina nguvu zile zile ulizozizoea. Likiwa zito kuliko jana, kipenyo au kona zina kasoro.

Rudi baada ya wiki mbili fundi akaze nati na bolti, kwa kuwa joto huzilegeza. Andika tarehe, geji ya chuma na kiasi ulicholipa kwenye daftari la gari na uhifadhi risiti. Mara moja kwa wiki lipeleke gari mwendo wa nusu saa bila kusimama simama, ili maji yaliyolala ndani ya sailensa yakauke. Na kila unapobadilisha oili, mwombe fundi amulike tochi bomba lote hadi mkiani. Ukaguzi huo haumchukui dakika tano, na shimo likiwa bado la ukubwa wa punje ya mtama huzibwa kwa pesa kidogo.